Neno Moja Katika Kumbukumbu: Jinsi Majeraha ya Silaha za Majini Yanavyoainishwa

Kaisho ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima na migomba isiyokuwa mbali na mipaka ya Rwanda na Uganda. Hadi mwaka 2012 sehemu hiyo ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe. Kutoka huko hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na hata Ziwa Viktoria liko mbali upande wa mashariki. Ni dhahiri kwamba mganga wa Kaisho hatarajii kumpokea mtu aliyejeruhiwa na silaha ya manowari. Hata hivyo, uainishaji wa magonjwa na majeraha unaotumika katika Tanzania ni ule ule wa kimataifa unaotumika Mombasa, Muscat na London, na ndani yake imetengwa nafasi maalumu kwa watu wanaojeruhiwa vitani na milipuko ya silaha za majini. Nafasi hiyo ina msimbo wake: Y36.0.

Msimbo ni herufi na tarakimu chache zinazosimama badala ya maelezo marefu. Huenda mwanafunzi akauliza: kuna haja gani ya kuitengea silaha ya majini msimbo wa peke yake? Je, mlipuko si mlipuko tu? Jibu la swali hilo linagusa fizikia, elimu ya mwili wa binadamu, na kazi ya kuandika kumbukumbu kwa uaminifu. Aidha linahusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu askari wao wengi walipotea baharini kwa milipuko ya aina hiyo.

ASILI YA UAINISHAJI

Mwaka 1893 Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, katika mkutano wake uliofanyika Chicago, ilipokea orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Jacques Bertillon, mtakwimu wa Paris. Kusudi lake lilikuwa kuziwezesha nchi mbalimbali kulinganisha hesabu zao. Ikiwa nchi moja huandika "homa" na nyingine "malaria" kwa maradhi yale yale, basi takwimu zao haziwezi kuwekwa katika mizani moja. Mkutano wa kwanza wa kuirekebisha orodha hiyo ulifanyika Paris mwaka 1900.

Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua dhamana ya kazi hiyo na kutoa toleo la sita, ambalo halikuhesabu vifo tu, bali pia magonjwa na majeraha yasiyoua. Katika toleo la tisa, la mwaka 1975, milipuko ya silaha za majini wakati wa vita ilikuwa na msimbo E992. Toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama mwaka 1994, liliubadili ukawa Y36.0. Toleo la kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kazi ya kuhamia toleo hilo huichukua kila nchi muda wake. Misimbo yote inayofuata katika makala haya ni ya toleo la kumi.

MASWALI MAWILI, MISIMBO MIWILI

Mtu aliyejeruhiwa huandikiwa angalau misimbo miwili, kwa sababu kuna maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Swali la kwanza ni: mwili umepatwa na nini? Jibu lake hutoka katika sura ya majeraha, yenye herufi S na T. Kwa mfano, S92.0 ni kuvunjika kwa mfupa wa kisigino, S36.4 ni jeraha la utumbo mwembamba, S09.2 ni kupasuka kwa kiwambo cha sikio, na T75.1 ni kuzama majini. Swali la pili ni: kitu gani kimeleta madhara hayo? Jibu lake hutoka katika sura ya sababu za nje, ambamo kundi la Y36 limewekwa kwa ajili ya vita.

Mwanafunzi ataona faida ya utaratibu huu akifikiria watu wawili waliovunjika visigino. Mmoja ameanguka kutoka juu ya mwembe. Wa pili alikuwa amesimama juu ya sitaha ya meli wakati bomu lilipolipuka chini yake. Sitaha iliruka juu kwa ghafla ikampiga nyayo, na mifupa ikavunjika kabla magoti hayajapata nafasi ya kukunjwa. Kwa swali la kwanza watu hawa ni sawa, wote ni S92.0. Kwa swali la pili wametengana kabisa. Daktari anayefunga mfupa huhitaji zaidi jibu la kwanza. Anayetaka kuzuia ajali au kuhesabu madhara ya vita huhitaji la pili.

Chini ya Y36.0 zimetajwa silaha na matukio haya: topido, yaani kombora linalojisukuma lenyewe ndani ya maji, bomu la kina, ambalo hutupwa majini na kulipuka likifika kina kilichopangwa, bomu linalotegwa baharini, kombora la mzinga uliopo melini, na mshindo wa mlipuko uliotokea chini ya maji. Ifahamike kwamba si lazima aliyejeruhiwa awe majini. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani wa Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar wakauawa au kujeruhiwa. Watu hao walikuwa nchi kavu. Lakini kama kombora lililowapata lilitoka melini, uainishaji wa sasa ungeliweka jeraha lao katika Y36.0.

KWA NINI MAJI HUBADILI JERAHA

Baruti ikilipuka, hugeuka ghafla kuwa gesi yenye joto kali na kanieneo kubwa mno. Gesi hiyo husukuma kila kilicho karibu nayo, na msukumo huo husafiri kwa umbo la wimbi la mshindo. Hewani wimbi hilo hudhoofika upesi, kwa sababu hewa hugandamizika kwa urahisi na kumeza sehemu kubwa ya nguvu. Kinachoua watu mbali na bomu la nchi kavu kwa kawaida ni vipande vya chuma vinavyoruka.

Majini mambo hugeuka. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi kwa ujazo ulio sawa, nayo hayagandamiziki kwa urahisi. Vipande vya chuma husimamishwa upesi, lakini wimbi la mshindo hufika mbali likiwa bado na nguvu. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Majini husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mlipuko uliotokea umbali wa mita 300 humfikia mwogeleaji kupitia majini kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, wakati mlio wake hewani ungechukua karibu sekunde nzima. Wimbi kali la mshindo huweza kwenda kasi kuliko sauti ya kawaida. Basi mwogeleaji hupigwa kabla hajapata nafasi ya kutambua kilichotokea.

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo wimbi linapotoka majini na kuingia mwilini halikuti mpaka mkubwa. Hupita katika ngozi na misuli bila kuichana. Hatari huanza linapofika mahali palipo na hewa: mapafu, matumbo yenye gesi, na masikio. Hapo tishu yenye maji mengi hukutana na hewa nyepesi, na wimbi lililokuwa likipita kwa utulivu huichanachana ile ngozi nyembamba iliyo mpakani. Vifuko vya mapafu hutoka damu. Utumbo huchubuka au hutoboka.

Wavuvi na maofisa wa maliasili wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Katika uvuvi haramu wa baruti, samaki wengi hufa bila kuguswa na kipande chochote, kwa sababu ndani yao mna kibofu cha hewa, nacho hupasuka kwa wimbi lile lile.

Kuna jambo jingine la ajabu. Wimbi linapofika juu, kwenye uso wa maji, hurudishwa chini likiwa limegeuka: badala ya kugandamiza, huvuta. Wimbi hili lililorudi hupunguza nguvu ya lile la kwanza karibu na uso wa maji. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeelea wima, kichwa na mabega vikiwa juu, hupigwa zaidi tumboni kuliko kifuani. Ndiyo sababu mabaharia waliozamishiwa meli hushauriwa kulala chali na kuinua kiwiliwili juu kadiri wawezavyo.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia waganga wa majeshi ya maji waliona watu wakiopolewa baharini bila hata mkwaruzo mmoja, wakionekana wazima, kisha baada ya saa kadhaa wakishikwa na maumivu makali ya tumbo au kutema damu. Hali kama hiyo ilionekana tena mwaka 1967, manowari ya Kiisraeli Eilat ilipozamishwa karibu na Port Said tarehe 21 Oktoba, na mabaharia waliokuwa wakielea wakapigwa na mlipuko uliotokea majini. Mganga anayetafuta kidonda cha nje kwa mgonjwa wa aina hii hatakiona. Jambo litakalomwonya ni habari moja tu: mtu huyu alikuwa ndani ya maji wakati wa mlipuko.

MELI KHEDIVE ISMAIL

Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa katika msafara wa meli kuelekea Colombo. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Pamoja nao walikuwamo mabaharia na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Watu 1,297 walikufa.

Waliofanikiwa kutoka walibaki wakielea. Manowari mbili za Kiingereza zilizolinda msafara, Petard na Paladin, ziligundua kwamba nyambizi imejificha chini ya maji katika eneo lile lile. Kuiacha kulimaanisha kuzihatarisha meli nyingine zenye maelfu ya watu. Kuishambulia kulimaanisha kulipua mabomu ya kina karibu na watu waliokuwa wakingojea kuokolewa. Mabomu yakatupwa, na baadhi ya waliokuwa wakielea wakauawa kwa mshindo wake. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile.

Mwaka 1944 msimbo Y36.0 haukuwako. Lakini tukio hili laonyesha vizuri kazi ambayo msimbo huo hufanya. Aliyeuawa ndani ya meli na mlipuko wa topido angeandikiwa Y36.0. Aliyeelea na kupigwa na bomu la kina lililotupwa na manowari ya upande wake mwenyewe angeandikiwa msimbo huo huo, kwa sababu katika Y36.0 haiulizwi silaha ilikuwa ya nani. Lakini aliyeungua kwa moto uliowashwa na mlipuko angekwenda Y36.3, mahali pa moto wa vita, hata kama chanzo cha moto huo ni silaha ya kawaida.

NENO LINALOHAMISHA JERAHA

Mwandishi wa misimbo si mganga wala hakuwapo vitani. Yeye husoma yaliyoandikwa, na haruhusiwi kubuni. Kwa hiyo neno moja lililoachwa katika faili huweza kulihamisha jeraha kutoka kundi moja hadi jingine. Mifano mitatu itatosha.

Kwanza, ikiandikwa tu "amejeruhiwa na mshindo vitani", uainishaji humpeleka mgonjwa Y36.2, pamoja na milipuko mingine yote na vipande vya mabomu. Ikiandikwa "mshindo chini ya maji", huenda Y36.0.

Pili, neno "bomu la kutegwa" bila maelezo zaidi ni Y36.2, kwa kuwa hudhaniwa ni la ardhini. Yakiongezwa maneno "baharini" au "bandarini", huwa Y36.0.

Tatu, "alizama vitani" bila kutaja sababu ni Y36.4, kundi lenye risasi na mapigano ya kawaida. "Alizama baada ya meli kupigwa topido" yamwelekeza mwandishi kwenye Y36.0. Kama vifo vyote vya Khedive Ismail vingeandikwa kwa ile kauli fupi ya kwanza, hesabu ya mwisho isingeonyesha hata mtu mmoja aliyekufa kwa silaha ya majini.

BOMU LINALOBAKI BAADA YA AMANI

Jambo la mwisho katika kundi la Y36 linawagusa watu wa mkoa wa Kagera kwa karibu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa huo, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Vita vilivyofuata viliendelea hadi Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakamalizika mwezi Juni mwaka huo. Hivi vilikuwa vita vya nchi kavu. Mtu aliyekanyaga bomu la ardhini wakati wa mapigano angeandikiwa Y36.2.

Lakini bomu halisomi mkataba wa amani. Lililotegwa au kuachwa bila kulipuka huweza kumngojea mkulima au mtoto kwa miaka mingi. Kwa ajili hiyo uainishaji una Y36.8, ambao ni msimbo wa majeraha ya mabomu yaliyowekwa wakati wa vita na kulipuka baada ya mapigano kukoma. Katika msimbo huu bahari na nchi kavu hukutana: mkulima aliyelipukiwa na bomu shambani na mvuvi aliyenasa bomu kuukuu la baharini katika wavu wake, wote wawili ni Y36.8.

Vilevile kuna mtu aliyejeruhiwa zamani na ambaye bado anaishi na madhara yake, kwa mfano askari mzee aliyepoteza usikivu. Madhara ya namna hii yakiendelea kwa mwaka mmoja au zaidi, sababu yake huandikwa Y89.1, yaani mabaki ya vita. Msimbo huu waweza kuhitajika katika zahanati yoyote, ya pwani au ya bara, maadamu askari wastaafu hurudi makwao.

KUMBUKUMBU NA HAKI

Katika Vita Kuu ya Kwanza, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Wengi walizikwa bila majina yao wala sababu za vifo vyao kuandikwa, na kwa hiyo hadi leo wanahistoria hutoa makadirio yanayotofautiana. Pasipo kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja, hakuna hesabu iwezayo kutengenezwa baadaye.

Misimbo haileti haki yenyewe. Lakini mjane anayedai mafao, daktari anayetaka kujua wagonjwa wa aina gani wachunguzwe tumbo hata wakionekana wazima, na serikali inayopanga kusafisha mabomu, wote hutegemea maelezo yaliyoandikwa siku ya kwanza na mtu aliyempokea mgonjwa. Anayejaza kitabu Kaisho halazimiki kuikariri Y36.0. Analopaswa kufanya ni kuuliza na kuandika mambo manne: ni silaha gani, ililipukia wapi, mgonjwa alikuwa ndani ya maji au nje, na je, mapigano yalikuwa yakiendelea au yamekwisha.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Bomu limelipuka chini ya maji, mita 750 kutoka kwa mwogeleaji. Mshindo utamfikia baada ya muda gani ukienda kwa mwendo wa sauti majini? Mlio utachukua muda gani ukipita hewani?

2. Eleza kwa nini mlipuko majini huweza kutoboa utumbo bila kuijeruhi ngozi ya tumbo.

3. Toa msimbo wa sababu ya nje kwa kila mmoja: (a) baharia aliyepigwa na mshindo wa bomu la kina wakati wa vita, (b) mchunga ng'ombe aliyekanyaga bomu la ardhini miaka miwili baada ya vita, (c) askari ambaye faili lake lasema tu "alizama vitani".

4. Mwezi Juni 1915 jeshi la Kiingereza lilivuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu na kuushambulia mji wa Bukoba. Chini ya Y36.0 hutajwa mizinga ya baharini, ziwa halitajwi. Jadilini darasani: kombora lililorushwa kutoka melini ziwani liwekwe wapi, na kwa hoja gani?

Majibu: (1) Nusu sekunde majini, sekunde 2.2 hivi hewani. (3) Y36.0, Y36.8, Y36.4. Maswali ya 2 na 4 yajibiwe kwa maelezo.